JIKO LA MWANACHAMA NA MFUKO WAKE

Hotuba ya Katibu kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama katika kuadhimisha mwaka wa kumi wa Chama Kikuu chetu



 Wengine waliotutangulia kusema wameeleza habari za mboga, mayai na maziwa, na jinsi mazao hayo yalivyopata soko katika miaka hii kumi. Sisi tumepewa zamu ya kusema juu ya jambo dogo lililo ndani ya nyumba zetu, nalo ni kabati za jikoni. Twajua wapo watakaocheka. Watauliza, mkutano wa wakulima na kabati za jikoni vina uhusiano gani?

Uhusiano upo, nao hupita katika daftari la mikopo. Mwanachama akishaezeka nyumba yake na kupiga lipu, haja inayofuata huwa ni jiko. Maombi ya mikopo ya namna hiyo huandikwa maneno mawili tu, "matengenezo ya jiko", kisha hufuata kiasi cha fedha kisicho na maelezo. Kamati ikiuliza fedha hizo ni za nini, hujibiwa kwamba fundi ndiye aliyekitaja kiasi hicho. Hapo ndipo penye hatari. Fedha inayokopeshwa ni akiba ya wanachama wenzetu, na wadhamini wameweka sahihi zao. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tena walisema, kukopa harusi, kulipa matanga.

JIKO LILIVYOINGIA NDANI

Wazee wetu waliozaliwa Kariakoo, Magomeni au Temeke wanaikumbuka vema nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma palipokuwa na jiko, choo na kisima au bomba. Chakula kilipikwa uani, juu ya mafiga au jiko la mkaa. Sufuria ziliwekwa juu ya kichanja, na vyombo vya wageni vilikaa katika kabati la vioo sebuleni. Hakukuwa na haja ya kabati lililoshikana na ukuta wa jiko, maana jiko lenyewe mara nyingi halikuwa na ukuta.

Nyumba tunazozijenga leo Mbagala, Chamazi, Toangoma, Boko na Bunju ni za namna nyingine. Jiko limeingia ndani, lina sinki na vigae, na wengi wetu twatumia gesi pamoja na mkaa. Kwa hiyo kabati za jikoni si anasa ya watu wa Oysterbay peke yao. Unga, mchele, maharage na mafuta ya mwanachama hukaa humo. Kabati likioza, panya na mende huingia, na chakula cha mwezi mzima huharibika. Mkulima aliyevuna kwa jasho hawezi kuridhika kwamba panya ndiye mlaji wa kwanza.

Tukubali, basi, kwamba haja ni ya kweli. Yatupasa sasa tujue namna ya kuipima.

KAGUA KABLA YA KUVUNJA

Kabati lina sehemu mbili, nazo hazizeeki pamoja. Ya kwanza ni kasha, yaani mbavu, sakafu, rafu na mgongo. Ya pili ni uso, yaani milango, vibao vya mbele vya droo, na kingo zinazoonekana. Uso huchakaa upesi kwa sababu huguswa na mikono yenye mafuta kila siku. Kasha likijengwa vizuri na kukaa pakavu, hudumu miaka mingi baada ya uso kuchoka. Mtu asiyejua tofauti hii huona mlango umelegea na rangi imebabuka, akaamuru kabati lote livunjwe. Amelipa bei ya nyumba kwa kosa la dirisha.

Tunawashauri wanachama wafanye ukaguzi huu wenyewe, kabla hata ya kumwita fundi.

Kwanza, toa vyombo vyote, na uanze chini ya sinki, maana hapo ndipo maji huvuja. Chomeka ncha ya bisibisi katika sakafu ya kabati. Ikizama kama katika mkate, mbao imeoza. Ikigota, mbao ni nzima.

Pili, tazama mgongo wa kabati na pembe zinazogusa ukuta. Ukiona vijia vya udongo, mchwa wamekwisha ingia. Katika hali hiyo usiweke mbao mpya, wala usipake rangi, mpaka mchwa wametibiwa tangu ukutani na katika msingi. Mbao mpya juu ya mchwa wa zamani ni karamu.

Tatu, shika mlango uliolegea utazame tundu za skrubu. Ikiwa bawaba ndiyo iliyochoka, bawaba mpya zatosha. Ikiwa mbao yenyewe imemung'unyika na skrubu haishiki tena, angalia kama ni mlango mmoja au yote.

Nne, papasa ukuta wakati wa mvua. Ukuta wenye unyevu utaozesha kabati lo lote, liwe la mninga au la maranda. Zibeni ufa kwanza. Na wale wanaokaa mabondeni wakumbuke mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi. Penye hatari ya maji, kabati la chini na lisimame juu ya msingi wa saruji, na vyakula vikae katika kabati la juu.

NJIA TATU

Baada ya ukaguzi, mwanachama atajikuta mbele ya njia tatu.

Njia ya kwanza ni kukarabati. Kasha ni zima na milango ni mizima, ila bawaba zimelegea na rangi imechakaa. Hapa zahitajika bawaba, skrubu, msasa, rangi au vanishi, na siku chache za fundi. Wengi waombao mikopo mikubwa wangeweza kuishia hapa.

Njia ya pili ni kuvisha uso mpya. Kasha ni zima, lakini milango imeharibika. Milango yote hung'olewa, ikawekwa mipya yenye bawaba na vishikio vipya, na kingo za kasha zinazoonekana zikafunikwa zifanane na milango. Mgeni akiingia jikoni ataona kabati jipya. Sinki, mabomba na vigae havikuguswa.

Njia ya tatu ni kuvunja na kuweka mpya. Hii ni ya lazima pale kasha lilipooza, mchwa walipokula mbavu, au jiko linapobadilishwa mpango wake. Ajuaye gharama za njia hii hukumbuka kwamba haziishii kwa seremala. Kabati likivunjwa, lipu hubanduka, vigae huvunjika na bomba la sinki hufunguliwa. Atahitajika fundi mwashi na fundi bomba. Hao ndio husahauliwa katika hesabu, nao hawafanyi kazi bure.

MBAO NA BODI

Anunuaye asiyejua mbao hununua maneno. Mninga na mkongo ni mbao ngumu za misitu yetu ya asili, nzuri kwa milango, na bei yake ni ya juu. Mtiki hupandwa katika mashamba kama Mtibwa na Longuza, nao huvumilia unyevu. Paini hutoka zaidi nyanda za juu, hasa shamba la Sao Hill wilayani Mufindi. Ni nafuu na hufanyika kwa urahisi, lakini mchwa huipenda, kwa hiyo inunuliwe iliyotiwa dawa na kukauka sawasawa. Mbao mbichi ikifungwa mlango itapinda baada ya miezi michache.

Kisha zipo bodi za kiwandani zenye kipimo cha futi 8 kwa futi 4. Plaiwudi imefanywa kwa tabaka za mbao zilizogundishwa, hushika skrubu vizuri, na iliyo bora hustahimili maji kidogo. MDF ni ya nyuzi za mti zilizosagwa na kugandamizwa. Uso wake ni laini, hupokea rangi vizuri, lakini ikinywa maji huvimba wala hairudi tena. Chipubodi ni ya vipande vya mbao vilivyogandamizwa, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote mbele ya maji. Katika mji huu wa pwani wenye mvua za masika na za vuli, kuweka chipubodi tupu chini ya sinki ni kutupa fedha. Anayependa MDF kwa urembo wake aitumie kwenye milango ya juu, na chini ya sinki aweke plaiwudi, tena kila kingo ifunikwe kwa utepe wake na gundi.

Maseremala wengi wapo Keko, na mbao nyingi huuzwa Buguruni. Nunueni penye risiti. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 mbao husafirishwa kwa hati, na mbao isiyo na hati yaweza kukamatwa njiani pamoja na fedha yako.

HESABU YA JIKO MOJA

Sasa tufike kwenye hesabu. Tuchukue jiko la kawaida: kabati la chini lenye urefu wa futi 10, kina futi 2, na kimo cha kasha futi 2 na nusu, na kabati la juu lenye urefu wa futi 8, kina futi 1 na kimo futi 2.

Kabati la chini lina vyumba vitano. Mbavu sita zachukua futi za mraba 30, sakafu 20, rafu za vyumba vinne 16 (chini ya sinki hapana rafu), na milango 25. Jumla ni 91. Kabati la juu lina vyumba vinne. Mbavu tano zachukua 10, juu na chini 16, rafu 8, na milango 16. Jumla ni 50. Zote pamoja ni futi za mraba 141. Tuongeze 15 katika kila 100 kwa ajili ya vipande vinavyopotea katika kukata, tupate kama 162. Bodi moja ina futi za mraba 32. Kwa hiyo zahitajika bodi tano na kidogo, nasi tutanunua sita. Migongo yahitaji bodi nyembamba mbili.

Lakini avishaye uso mpya atahitaji bodi za milango tu. Hizo ni futi za mraba 41, na kwa kuongeza za kupotea ni kama 47. Bodi mbili zatosha. Sita kwa mbili! Hapo mwanachama ataona faida ya ule ukaguzi wa bisibisi.

Kila chumba kikipewa milango miwili, milango yote ni 18, nayo yataka jozi 18 za bawaba na vishikio 18, njia yo yote itakayochaguliwa.

Tuweke sasa fedha. Bei tutakazozitaja si za duka lo lote. Tumezichagua ziwe rahisi kuhesabika, na kila mwanachama ataziondoa aweke zile alizoambiwa na muuzaji. Tarakimu ya kwanza ni ya kuweka kabati jipya, na ya pili ni ya kuvisha uso mpya.

Bodi nene, kila moja Sh. 100,000: Sh. 600,000, Sh. 200,000.
Bodi nyembamba, kila moja Sh. 30,000: Sh. 60,000, hakuna.
Bawaba, kila jozi Sh. 5,000: Sh. 90,000, Sh. 90,000.
Vishikio, kila kimoja Sh. 3,000: Sh. 54,000, Sh. 54,000.
Utepe wa kingo, gundi, skrubu na msasa: Sh. 60,000, Sh. 30,000.
Rangi au vanishi: Sh. 100,000, Sh. 60,000.
Ujira wa seremala: Sh. 400,000, Sh. 180,000.
Kuvunja, lipu, vigae na bomba: Sh. 250,000, hakuna.
Usafiri: Sh. 50,000, Sh. 30,000.
Jumla: Sh. 1,664,000; Sh. 644,000.
Akiba ya dharura, sehemu moja ya kumi: Sh. 166,400, Sh. 64,400.
Jumla kuu: Sh. 1,830,400, Sh. 708,400.

Mwanachama awezaye kuweka Sh. 60,000 kila mwezi atavisha jiko lake uso mpya kwa akiba ya miezi 12, bila deni. Huyo huyo akitaka jipya atangoja miezi 31. Akikopa fedha ya kabati jipya ailipe kwa mwaka mmoja, kila mwezi atadaiwa zaidi ya Sh. 152,000 kabla ya riba. Na ajiulize usiku, kabla ya kutia sahihi, kuku watataga kiasi gani mwezi ule ambao ugonjwa umeingia bandani.

Wala asiisahau ile sehemu ya kumi. Aliyeiacha ndiye arudiye kwa wadhamini akitafuta nyongeza.

MAPATANO NA FUNDI

Malalamiko baina ya wenye nyumba na mafundi ni mengi, na haki haipo upande mmoja siku zote. Wapo mafundi wachukuao malipo ya mteja wa pili wakamalizia kazi ya mteja wa kwanza, na huyu wa pili akabaki na mbavu tupu ukutani. Wapo pia wenye nyumba wabadilishao vipimo kazi ikiwa katikati, kisha wakakataa kulipa nyongeza. Dawa ya wote wawili ni karatasi.

Ombeni bei kwa mafundi watatu, kila mmoja apewe vipimo vile vile na aina ile ile ya mbao. Pasipo hivyo mnalinganisha embe na nazi. Andikeni mapatano yenye vipimo, aina ya bodi, idadi ya milango, siku ya kumaliza na ujira. Vifaa anunue mwenye nyumba mwenyewe pamoja na fundi, na risiti zikae kwake. Ujira ulipwe mafungu matatu: la kwanza kazi inapoanza, la pili kasha au milango ikisimama, la tatu milango yote ikifunguka na kufungwa sawasawa. Ukilipa kwa simu, hifadhi ujumbe wa malipo. Na fundi aliyemaliza vema alipwe siku hiyo hiyo. Naye ana watoto.

Msianze kazi hiyo wakati wa masika. Mbao huvuta unyevu na rangi haikauki. Afadhali mngoje jua.

MAMBO YA USALAMA NA YA MPISHI

Mambo mawili yasikatwe katika bajeti hata fedha ikipungua. La kwanza ni moto. Kabati la juu lisining'inie juu ya jiko la gesi au la mkaa. Acheni nafasi wazi. Mtungi wa gesi ukiwekwa kabatini, toboeni matundu chini ya kabati hilo, karibu na sakafu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini, na pasipo njia ya kutokea hungoja njiti ya kiberiti. Penye nafasi, mtungi ukae nje ya ukuta.

La pili ni kimo. Msingi wa inchi 4, kasha la inchi 30 na meza ya inchi 2 hufanya futi 3. Lakini apikaye ndiye apimwe. Asimame, akunje mkono, na meza iwe chini kidogo ya kiwiko chake. Tumeona wanaume wakipatana na fundi juu ya jiko ambalo hawatalipikia hata siku moja, na mama akainama au kujinyoosha miaka kumi. Bibi wa nyumba na awepo siku ya vipimo, na sahihi yake iwepo katika mapatano.

MIKOPO YETU IWE YA NAMNA GANI

Wapo wanachama wasemao kwamba chama cha wakulima hakifai kukopesha fedha za jiko hata kidogo, maana mikopo ni ya mbegu, mbolea na chakula cha mifugo. Wapo wengine wasemao kwamba akiba ni ya mwanachama, naye aitumie apendavyo. Sisi twaona ukweli u katikati. Mkopo wa uzalishaji na utangulie katika msimu wake. Mkopo wa jiko utolewe kwa mwanachama asiye na deni lililochelewa, usizidi uwezo wa kipato chake, na uambatane na karatasi tatu: ukaguzi, hesabu kama hii ya leo, na mapatano ya fundi. Tunaliomba Azimio la Mkutano Mkuu juu ya jambo hili leo hii, ili Kamati ya Mikopo iwe na kipimo kimoja kwa watu wote, awe kiongozi au mwanachama wa kawaida.

Ushirika na nyumba si wageni katika mji huu. Mwenge, katika miaka ya 1970, watu walijenga makao yao kwa ushirika wa nyumba. Chamazi, wananchi waliohama Kurasini kwa sababu ya upanuzi wa bandari waliungana wakanunua ardhi na kujenga pamoja. Na sisi twaweza kuanza na hatua ndogo: wanachama kumi wanaotaka bodi katika mwezi mmoja waziagize pamoja, wapatane bei ya jumla na wagawane nauli ya gari. Nauli ya watu kumi ikiwa moja, kila mmoja atabakiza fedha ya bawaba.

Bwana Mwenyekiti, hatukuja kuwakataza watu jiko zuri. Tumekuja kuwaomba kila mmoja, akirudi nyumbani leo, achukue bisibisi, afungue kabati lililo chini ya sinki, na aandike anachokiona kabla hajaandika barua ya mkopo. Karatasi hiyo ailete ofisini. Sisi tupo kila siku ya kazi, nasi tutaikokotoa pamoja naye bila malipo.

Tunawatakia sikukuu njema ya mwaka wa kumi.